Asili ya Majina ya Mahali na ya Koo Nchini Ayalandi: Mwongozo Kamili wa Kuyafuatilia

Wakenya wengi walikutana na majina ya Ayalandi shuleni au kanisani kabla hawajaiona nchi yenyewe kwenye ramani. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Mapadre wa Kiltegan, shirika lililoanzishwa mwaka 1932, walifanya kazi Turkana, Kitui na kwingineko. Kiltegan ni kijiji kidogo katika kaunti ya Wicklow, na kwa Kiayalandi kinaitwa Cill Téagáin, yaani kanisa la Téagán. Leo wapo pia Waswahili wanaoishi Dublin na Cork, wengine wameoa au kuolewa huko, na watoto wao wanabeba jina la ukoo ambalo mzazi mmoja hajui hata kulitamka. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye na jina la huko mkononi, la mahali au la mtu, na anataka kujua lilikotoka.

Nitangulize jambo moja, maana wengi hukwama hapo. Huko Ayalandi jina la ukoo na jina la mahali hayatafutwi kila moja kivyake. Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo, lakini lilizaliwa katika sehemu zaidi ya moja, kwa watu wasio na udugu. Bila kujua Murphy wako alitoka kitongoji gani, maana ya jina utaipata, ukoo hutaupata. Kwa hiyo tunaanza na ardhi, kisha tunakuja kwa watu.

Kwanza, usiiamini tahajia ya Kiingereza

Majina mengi unayoyaona kwenye ramani ya Ayalandi ni ya Kiayalandi yaliyoandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Kazi hiyo ilikamilishwa na wapima ramani wa Ordnance Survey, idara ya serikali ya kuchora ramani, kati ya mwaka 1824 na 1846, walipochora kisiwa chote kwa kipimo cha inchi sita kwa kila maili moja. Kila jina lilihitaji tahajia moja ya kuchapishwa. Mtaalamu wao mkuu wa majina, John O'Donovan, alianza kazi hiyo mwaka 1830. Alizunguka kaunti baada ya kaunti, mara nyingi kwa miguu, akiwauliza wazee wanavyolitamka jina, akilinganisha na hati za kale, halafu akiandika barua kwenda ofisini Dublin. Barua hizo zipo mpaka leo, pamoja na madaftari ya majina yanayoonyesha tahajia mbalimbali za kila mahali. Ukisikia mtu anadharau kazi ile kwamba ilikuwa ya wakoloni tu, mwambie asome madaftari kwanza. Ramani ilichapishwa kwa Kiingereza, kweli, lakini umbo la Kiayalandi lilihifadhiwa humo humo.

Kuna pia makosa yaliyokwishaota mizizi. Freshford, kule Kilkenny, kwa Kiayalandi ni Achadh Úr, shamba bichi. Mtafsiri alisikia neno la shamba akadhani ni kivuko, na kivuko kikabaki. Bustani kubwa ya Phoenix Park mjini Dublin haina uhusiano na ndege yule wa hadithi. Jina lilitokana na fionn uisce, maji maangavu. Hata hivyo mwaka 1747 gavana wa Kiingereza alisimamisha pale nguzo yenye sanamu ya ndege huyo juu yake, na kosa likapata mnara.

Hatua ya 1: Fika mpaka kwenye kitongoji

Ayalandi ina majimbo manne ya kihistoria (Ulster, Munster, Leinster na Connacht) na kaunti 32, sita kati yake zikiwa Ireland ya Kaskazini chini ya Uingereza. Chini ya kaunti kuna baroni (mgawanyo wa zamani wa kaunti), chini yake parokia za kiraia, na chini kabisa kuna kitongoji. Vitongoji ni zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina jina na mpaka. Mashambani nyumba nyingi hazikuwa na namba wala jina la barabara. Anwani ilikuwa jina la kitongoji na mji wa posta, basi. Msimbo wa posta ulianza mwaka 2015 tu. Ndiyo maana ukimwuliza mzee wa huko anatoka wapi, atakutajia jina ambalo ramani ya simu yako huenda isilionyeshe.

Kama ulichonacho ni neno "Galway" au "Mayo" peke yake, bado hujaanza. Tafuta cheti cha ndoa, barua ya zamani, kadi ya mazishi, maandishi kwenye jiwe la kaburi kule Marekani au Australia, chochote kinachotaja sehemu ndogo kuliko kaunti.

Angalia pia majina yaliyobadilika. Mwaka 1556 maeneo ya Offaly na Laois yaligeuzwa King's County na Queen's County, na majina hayo yalidumu mpaka karne ya 20. Bandari ya Cobh iliitwa Queenstown tangu mwaka 1849, Malkia Victoria alipofika. Dún Laoghaire iliitwa Kingstown tangu mwaka 1821. Derry iliongezewa London mbele yake mwaka 1613, na hadi leo jina unalolitumia linaweza kumwambia msikilizaji msimamo wako wa siasa. Ukitafuta "Offaly" kwenye hati ya mwaka 1850 utarudi mikono mitupu.

Hatua ya 2: Fungua hifadhidata ya majina

Kwa Jamhuri ya Ayalandi, yaani kaunti nyingine 26, nenda logainm.ie. Ni bure, na ndiyo hifadhidata rasmi. Andika jina, kisha chagua kaunti, kwa sababu majina kama Kilmore au Carrowmore yako mengi mno. Ukurasa wa mahali husika utakupa umbo la Kiayalandi, ngazi zote za utawala juu yake, na mara nyingi sauti ya matamshi. Lililo muhimu zaidi wengi hulipita bila kulifungua: picha za kadi za wataalamu, zenye tahajia za kale za jina pamoja na mwaka na hati zilikotoka. Soma tahajia hizo kuanzia ya kale kuja ya sasa. Ya karne ya 16 iliyoandikwa vibaya na karani aliyesikia kwa masikio yake ina thamani kuliko ya karne ya 19 iliyosafishwa. Kwa kaunti sita za kaskazini, tumia tovuti ya mradi wa majina ya mahali wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast.

Hatua ya 3: Sikiliza mkazo

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko yote, na hauhitaji hata kitabu. Katika majina mengi ya Kiayalandi neno la jumla (kanisa, kijiji, ngome) hutangulia, na neno linalofafanua hufuata, kama vile sisi tunavyosema Mto wa Mbu au Kisima cha Chumvi. Mkazo huangukia kwenye neno la pili. Watu husema Kil-DARE, Clon-MEL, Dun-DALK. Pale mkazo unapoanzia ndipo unapokata: Cill Dara, kanisa la mwaloni, Cluain Meala, malisho ya asali, Dún Dealgan, ngome ya Dealga.

Mkazo ukiwa mwanzoni, shuku kitu kingine. Huenda ni neno moja la kuunganishwa la zamani, kama Finglas, kijito kiangavu. Au huenda si Kiayalandi kabisa, kama Wexford na Leixlip.

Hatua ya 4: Jua vipande, na mitego yake

Vipande vichache vinarudi kila mahali:

- Dun, Rath, Lis, Caher: aina mbalimbali za boma na ngome. Donegal ni Dún na nGall, ngome ya wageni.
- Knock, Drum, Ard, Tully: kilima, mgongo wa ardhi, mahali pa juu, kichuguu.
- Glen, Lough, Inis au Ennis: bonde, ziwa, kisiwa au ardhi ya kando ya maji. Glendalough ni Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili.
- Carrow: ceathrú, yaani robo, kipimo cha zamani cha ardhi. Carrowmore ni robo kubwa.
- Derry: msitu wa mialoni. Clon: malisho. Carrick: mwamba.

Mitego sasa. Bally huonekana kama jambo rahisi, yaani baile, kijiji au makazi, na mara nyingi ni kweli: Ballymena ni An Baile Meánach, kijiji cha kati. Lakini Ballina ya Mayo ni Béal an Átha, mdomo wa kivuko, na Ballybofey ni Bealach Féich, njia ya Fiach. Maneno matatu tofauti, tahajia moja ya Kiingereza. Jiulize kama mji uko penye mto unaovukika kwa miguu, kisha rudi kwenye tahajia za kale.

Kil inaweza kuwa cill, kanisa, au coill, msitu. Kilkenny ni kanisa la mtakatifu Cainneach, ilhali Kiltimagh ya Mayo inaanza na coillte, misitu. Hapa ramani ya inchi sita inasaidia kuliko kamusi. Ukiona magofu ya kanisa, kisima kitakatifu au makaburi ya zamani ndani ya kitongoji, kanisa lina nguvu. Usipoona chochote, usifunge hoja.

Na Moneymore haina pesa. Ni Muine Mór, kichaka kikubwa.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja ambayo Mwingereza hana. Amezoea neno kubadilika mbele: ulimi, ndimi, mti, miti. Kiayalandi hufanya hivyo pia. Chukua jina refu linalotajwa sana huko Galway, Muckanaghederdauhaulia, herufi 22. Likate: Muiceanach idir Dhá Sháile. Muc ni nguruwe, idir ni kati ya, dhá ni mbili, na sáile ni maji ya chumvi. Baada ya "mbili", herufi S ya sáile inalainishwa kuwa sh na kutamkwa H, ndipo Kiingereza kikaandika "haulia". Mahali pa nguruwe kati ya maji mawili ya chumvi. Ukitafuta "sháile" kwenye kamusi hutaipata. Ondoa h ya kulainisha kwanza. Vivyo hivyo bh na mh husikika kama V au W, na herufi mbili za mwanzo kama nG katika Donegal zinamaanisha neno lenyewe linaanza na G.

Hatua ya 5: Uliza ni lugha ya nani

Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, walijenga miji ya bandari, na majina yao yakabaki kwa Kiingereza huku Waayalandi wakiendelea na yao. Waterford ni Veðrafjǫrðr kwa lugha yao, lakini kwa Kiayalandi ni Port Láirge. Wexford ni Loch Garman. Wicklow ni Cill Mhantáin. Majina hayo ya pande mbili hayatafsiriani. Ni vyanzo viwili mbali mbali, kwa hiyo yafuatilie mawili. Leixlip ni tofauti kidogo: mruko wa samaki samoni kwa lugha ya Waviking, na Kiayalandi kikatafsiri maana ile ile, Léim an Bhradáin. Dublin nayo ina mawili, ingawa yote ya Kiayalandi: Dubh Linn, dimbwi jeusi, na Baile Átha Cliath, mji wa kivuko cha uzio wa fito, ambalo ndilo jina linalotumika kwa Kiayalandi leo.

Baada ya Wanormani, watawala wa Uingereza wenye asili ya Ufaransa, kufika mwaka 1169, wakubwa walianza kuiachia miji majina yao. Thomastown huko Kilkenny ilianzishwa na Thomas FitzAnthony. Kiingereza kilichukua jina lake, Kiayalandi kikachukua jina la babake: Baile Mhic Andáin, mji wa mwana wa Antoni. Mtu mmoja, majina mawili.

Hatua ya 6: Sasa jina la ukoo, anza na kiambishi

Majina ya ukoo ya kurithi yalianza Ayalandi mapema kuliko sehemu nyingi za Ulaya, tangu karne ya 10. Ó ni mjukuu au uzao wa fulani, Mac ni mwana wa fulani. Ó Briain ni uzao wa Brian Boru, mfalme aliyeuawa Clontarf mwaka 1014. Alama ya mkato katika O'Brien ni mtindo wa Kiingereza. Kiayalandi huandika Ó yenye alama juu yake.

Mwanamke habebi Ó wala Mac. Binti wa Ó Briain ni Ní Bhriain, mke wake ni Uí Bhriain. Binti wa Mac ni Nic, mke ni Mhic. Rais wa zamani Mary McAleese kwa Kiayalandi ni Máire Mhic Ghiolla Íosa, na Giolla Íosa ni mtumishi wa Yesu. Ukilisahau hili utaruka nusu ya ukoo kwenye hati za Kiayalandi.

Lipo dai kwamba Mc ni ya Waayalandi na Mac ni ya Waskoti, au moja ya Wakatoliki na nyingine ya Waprotestanti. Lipuuze. Mc ni kifupisho cha Mac tu.

Usipoona kiambishi, usidhani hakikuwepo. Katika karne ya 17 na ya 18 koo nyingi ziliacha Ó na Mac, na mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa harakati za kufufua lugha (Ligi ya Kigaeli ilianzishwa mwaka 1893), wengine walirudisha. Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 7: Vua vazi la Kiingereza

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo tovuti nyingi za majina zinapodanganya watu.

Wakati mwingine Mac imemezwa, ikaacha sauti ya K au G mwanzoni. Keegan ni Mac Aogáin, Keogh ni Mac Eochaidh, na Guinness, jina linalojulikana kwenye kila baa ya Afrika Mashariki, linatokana na Mac Aonghusa.

Wakati mwingine jina lilitafsiriwa. Mac an Ghabhann, mwana wa mhunzi, ni McGowan kwa wengine na Smith kwa wengine, hasa Cavan. Mac an Bhaird, mwana wa malenga, akawa Ward. Tafsiri nyingine ziliharibika: Mac an tSaoir ni mwana wa fundi, lakini saor pia ni "huru", basi wengine wakawa Freeman. Mac Conraoi akawa King kwa sababu tu mwisho wake unasikika kama rí, mfalme.

Sheria nayo ilisukuma. Mwaka 1465 amri ya Edward IV iliwataka Waayalandi wa Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue jina la Kiingereza: la mji, la rangi kama White au Brown, au la kazi kama Smith na Cook. Ukiona Brown wa huko, usikimbilie kusema ni Mwingereza.

Wageni nao walifanywa wenyeji. Fitz ni Kifaransa cha Wanormani, mwana wa, lakini Fitzpatrick ni Mac Giolla Phádraig, ukoo wa Kiayalandi kabisa uliovaa kofia ya Kinormani. Costello ni kinyume chake: Wanormani waliojipachika Mac. Walsh kwa Kiayalandi ni Breathnach, mtu wa Wales. Doyle, Ó Dubhghaill, ni uzao wa mgeni mweusi, jina walilopewa baadhi ya Waviking.

Hatua ya 8: Likalishe jina kwenye ardhi

Hati nyingi ziliungua Dublin tarehe 30 Juni 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikiwemo sensa za 1821 hadi 1851. Sensa za miongo iliyofuata serikali yenyewe ilikwishaziharibu. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ya 1926 ilipangiwa kufunguliwa Aprili 2026. Kumbuka sensa inataja kaunti ya kuzaliwa, haitaji kitongoji. Lakini fomu yenyewe imepangwa kwa kitongoji walikokuwa wakiishi. Na mwaka 1911 baadhi ya familia zilijaza fomu kwa Kiayalandi, kwa hiyo jina halisi unalipata kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe.

Nyuma ya hapo, vizazi, vifo na ndoa vimeandikishwa tangu 1864 (irishgenealogy.ie), ndoa zisizo za Kikatoliki tangu 1845, na madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yako kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa. Kwa kaskazini, uliza ofisi ya hifadhi ya nyaraka ya Belfast, PRONI.

Kitu cha thamani zaidi ni tathmini ya Griffith, makadirio ya thamani ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ya 1847 hadi 1864. Inataja mkuu wa kaya, kitongoji, mwenye ardhi na thamani iliyokadiriwa. Pale majina yalipojaa, kama akina Ryan wa Tipperary, karani aliongeza jina la baba au la utani kwenye mabano ili kuwatofautisha. Mabano hayo usiyaruke. Ndiyo yanayotenganisha matawi. Nyuma yake kuna vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837.

Mfano mmoja: Kearney wa Moneygall

Babu wa ngazi za juu wa Barack Obama upande wa mama, Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliondoka Moneygall kwenda Marekani mwaka 1850. Kaunti ni Offaly, kwa hiyo hati za wakati huo zinasema King's County. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti na alizaliwa kabla ya 1864, hivyo jibu lilitoka kwenye kumbukumbu za parokia ya Kianglikana. Mpaka hapo, kazi nzuri.

Sasa jina. Kearney ni majina mawili. Lipo Ó Cearnaigh, lenye tawi lililojulikana Cashel, Tipperary. Lipo Ó Catharnaigh wa Westmeath na Offaly, ambao wakubwa wao waliitwa An Sionnach, mbweha, na wengine wakaishia kuandikwa Fox. Moneygall iko mpakani mwa Offaly na Tipperary kabisa. Kaunti inavuta upande mmoja, jirani wa kusini anavuta mwingine. Jina peke yake haliamui, na anayekuuzia nembo ya "ukoo wa Kearney" hajaamua pia. Isitoshe, nembo huko ni mali ya mtu aliyepewa na warithi wake. Haiwi ya kila mwenye jina lile.

Moneygall yenyewe ni Muine Gall. Muine tumeshaiona.

Kuandika ulichopata

Kwa kila jina andika umbo la sasa, tahajia za kale na miaka yake, umbo la Kiayalandi, maana, na kitongoji. Mbele ya maana weka neno moja: hakika, yaelekea, au dhana. Weka alama za juu kwenye vokali kama zilivyo, maana hubadilisha neno, lakini unapotafuta kwenye tovuti za sensa jaribu pia bila alama, bila O, bila Mc, na kwa K badala ya C. Hadithi za wenyeji kuhusu jina ziandike kando, pamoja na aliyekusimulia. Nyingi zilitungwa baada ya jina, lakini mara nyingine ndani yake mna matamshi ya zamani ambayo ramani ilikwishayapoteza.